Kibanio Alivyopita Chini ya Utepe

Kwa Dobi, nyumba ya kona,
Nyuma ya ghala la mbao.

Jumapili jioni, nguo zimeshaanuliwa.

Mpendwa mwanangu, mtoro wangu mkubwa,

Kwanza nikugombeze, ndipo nikusalimu, maana nikianza na salamu moyo utalainika nisahau hasira zangu. Hivi huko uliko umechomelea mageti ya watu au mageti ndiyo yamekuchomelea wewe? Mvua zimekuja zikaondoka, zikaja tena. Paka wa jirani amezaa, na wanawe nao wamezaa. Wewe bado wimbo ni ule ule, "Mama, kazi ikipungua nitakuja." Kazi haipungui, mwanangu. Mimi nimefua tangu sijaota meno ya ukubwani, na sijaona siku nguo za watu zimekwisha kuchafuka.

Na simu usinitajie. Simu yako hukatika kila nikifika penye uchungu. Barua haikatiki. Kaa chini uisome mpaka mwisho.

Haya, sasa hujambo? Macho yako yanaendeleaje na ule mwanga wa kazi yenu? Ile miwani myeusi unaivaa, au bado unajifanya mwanamume wa kukodolea moto? Kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha? Unakula umekaa au unakula umesimama kama punda? Nijibu moja moja, usinijibu kwa "mzima tu, Mama." Mzima tu hata maiti husemwa hivyo kabla hajaguswa.

Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto hunung'unika wakati wa baridi, nami nalinung'unikia, tunaelewana. Mkeo ni mzima na ndiye anayeandika hapa, maana mimi na kalamu hatukukutana utotoni, na uzeeni sikuitafuta. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinisafishie maneno. Katika nyumba hii kinachosafishwa ni nguo.

Kazi ipo. Ile nyumba ya wageni ya barabara kuu bado inatuletea mashuka yake. Tumefunga kamba nyingine uani, kutoka nguzo ya tangi la maji mpaka dirisha la jikoni, kwa hiyo siku hizi mtu akitaka kwenda chooni huinama, akainuka, akainama tena. Anayetuona kutoka barabarani hudhani sote tumedondosha sindano.

Sasa jambo lenyewe. Binti yako, yule uliyemwacha hajui kufunga viatu, amekimbia mbio zake za kwanza za shule. Jina la darasani analo, lakini hapa nyumbani ni Kibanio, na wewe ndiwe uliyemwita hivyo siku alipokushika kidole kitandani kwa mkunga akakataa kukiachia.

Usicheke kwanza. Si mbio za kuchezea. Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba katika kila darasa atakayefika wa kwanza ndiye atakwenda kukimbia na shule zote, kwenye uwanja mkubwa wa mpira. Mmoja tu. Wa pili atabaki kupiga makofi. Tangu siku hiyo mtoto hakula vizuri. Alinifuata mpaka kwenye beseni, mikono yangu imejaa povu, akasimama pale na kidole mdomoni.

"Bibi, kwenye uwanja mkubwa baba za watu huwa wanakuja?"

"Wanakuja."

"Hata walioko mbali?"

"Walioko mbali ndio wa kwanza kufika."

Nilisema hivyo, na mimi si mwongo wala sitaanza uongo uzeeni. Kwa hiyo ujue umeshaahidiwa, tena kwa kinywa cha mama yako. Ila ahadi yenyewe ilikuwa imening'inia kwenye ile nafasi moja, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Unaweza kujiuliza mbio amezitoa wapi. Kwako hakuzitoa. Wewe ulikuwa unakimbia kama mtu aliyebeba ndoo. Amezitoa kwenye mashati. Shati likitoka kwenye pasi, kabla halijapoa, yeye ndiye hulipeleka kwa mwenyewe mtaani, mikono ameinyoosha mbele, shati limelala juu yake kama mtoto mchanga, na anakimbia lisipate hata mkunjo. Hakuna jirani aliyewahi kulirudisha.

Basi Ijumaa nikavaa lile gauni langu la buluu, nikachukua kiti changu cha kukunja, nikaenda. Mkeo alibaki na pasi, maana mashuka ya wageni hayangoji mbio za mtu, na alibaki akiwa amenuna kama chungu. Mimi nikatafuta mahali pazuri karibu na mwisho wa mbio, nikakaa. Nani akaja kukaa pembeni yangu? Kinyozi wa kona. Yule yule aliyekunyoa ukaenda harusini na plasta sikioni. Naye ana binti darasa moja na Kibanio, mtoto ana miguu mirefu kama ngazi ya fundi rangi.

"Mama Dobi," akaniambia, "leo utaona miguu."

Nikamwambia, "Miguu hata meza inayo."

Filimbi ikalia. Mwanangu, mimi nimeona mengi. Nimeona ghala la mbao likiungua, nimeona maji yakiingia mpaka kwenye kabati la nguo za wateja. Lakini sikuwahi kuona kitu changu kikikimbia mbele za watu. Nilikishika kiti kwa mikono yote miwili kana kwamba nacho kitakimbia.

Mwanzoni alikuwa katikati ya kundi. Halafu wakapinda upande wa madarasa, nikaanza kumwona anachomoka, na ile mikono yake mbele, viganja juu. Watu wakaanza kucheka.

"Mama Dobi," kinyozi akasema, "mjukuu wako anampelekea nani shati?"

"Anampelekea baba yako, aache kutembea kifua wazi."

Akasimama amtazame mwanawe. Na alichokiona hakukipenda, kwa sababu penye kona ya mwisho Kibanio alikuwa wa kwanza. Wa kwanza, nakwambia! Binti wa kinyozi nyuma yake, anatupa ile miguu, hampati. Mbele yao kulikuwa na utepe mwekundu umekazwa usawa wa kifua cha mtoto. Upande huu umeshikwa na mwalimu wa michezo, upande ule na mpishi wa shule. Nikainuka kwenye kiti, nikavuta pumzi nipige kigelegele cha kusikika mpaka huko uliko.

Kibanio akauona utepe. Akainama.

Akapita chini, hata unywele haukuugusa, akaendelea na mbio zake mpaka ukutani. Utepe ukabaki pale pale, mzima, umekazwa. Binti wa kinyozi akaja nao kifuani, pa! Uwanja mzima makofi. Kigelegele changu kikarudi tumboni na mpaka sasa hakijatulia.

Wewe huna haja ya kuelezwa, lakini nitaeleza, maana hasira nazo zinataka njia. Mtoto wa nyumba hii kabla hajajua kusema "maji" anajua kwamba kamba haiguswi. Kamba ni ya mteja. Ukiwa unakimbia, unainama. Ukiwa na haraka ya choo, unainama. Ukiona kitu kimekazwa kutoka huku mpaka kule, huulizi ni cha nani, unainama. Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, basi mimi nimelea wainamaji. Si wewe mwenyewe uliyewekewa utepe mlangoni pa ukumbi siku ya harusi yako, mkaambiwa mkate pamoja? Uliinama ukapita chini, ukakaa mezani, bibi harusi akabaki nje na mkasi. Mkeo hapa kaweka kalamu chini anajifuta machozi ya kucheka. Haya, andika.

Nikaenda uwanjani. Kiti nimekiacha, goti nimelisahau. Mwalimu wa michezo alikuwa tayari ameuinua mkono wa binti wa kinyozi.

"Mwalimu," nikamwambia, "huyo unayemnyanyua ni wa pili."

"Bibi, aliyekata utepe ndiye mshindi. Mimi huwa natazama utepe."

"Na anayepita chini ya utepe?"

"Sikumwona."

"Humwoni mtu anayepita mbele ya tumbo lako?"

Nikamgeukia mpishi. Yule mama naye ana mwili wake, hawezi kutazama chini kwa urahisi. Akasema, "Mimi nilihisi upepo tu umepita hapa miguuni." Watu wakacheka tena.

Kinyozi naye akawa amefika. "Mama Dobi, mbio zina utepe. Hii si kamba ya kuanikia chupi."

"Wewe nyoa vichwa. Mambo ya kamba niachie mimi."

Hapo ndipo binti yake alipoingilia. Mtoto mdogo, jasho linamtiririka, akasema mbele ya watu wote, "Baba, lakini yeye alikuwa mbele. Mimi nilikuwa namwona visigino." Baba yake akamwambia nyamaza. Hakunyamaza. Akarudia. Mwanangu, kumshinda mtoto mwenzako kwa miguu si kitu. Kusema kweli baba yako akiwa amekutolea macho, hiyo ndiyo kazi. Nilimpenda papo hapo.

Lakini Kibanio yuko wapi? Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa bado ukutani, amejibanza, analia mpaka mabega yanaruka. Nikamwendea. Nilidhani analilia ile nafasi. Nikainama nimsikie.

"Sikuigusa, Bibi," alikuwa anasema. "Naapa sikuigusa. Sikuigusa kabisa."

Umeelewa? Aliona watu wazima wamekusanyika, wanashika utepe, wanapiga kelele, akadhani anatafutwa aliyeuchafua.

Sitakuandikia nilivyojisikia. Mkeo ataweka kalamu chini tena, na safari hii si kwa kucheka.

Mwalimu mkuu akaja, mama mmoja mpole mwenye miwani, akasikiliza kila mtu mpaka mwisho, hata kinyozi. Akasema yeye hawezi kumnyang'anya aliyekata utepe, wala hawezi kumnyima aliyeonwa visigino. "Watarudia wao wawili," akasema, "kutoka pale kwenye bomba mpaka hapa. Atakayekata utepe ndiye atakwenda. Na anayepita chini, safari hii hakuna mjadala."

Watu wakaona ni haki. Mimi pia niliona ni haki, ila nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Mtoto huyu hatakata utepe. Hata umpe nafasi kumi. Miguu yake inajua kukimbia, na shingo yake inajua kuinama, na vyote viwili nimemfundisha mimi. Sijuti hata kidogo, maana mashuka yangu ni meupe. Lakini siku hiyo meupe hayakuwa na kazi.

Nikamshika uso.

"Nisikilize. Ile siyo ya mteja."

"Ya nani?"

"Ya kwako. Wameifunga kwa ajili yako uipasue."

Akaniangalia kama nimerukwa na akili. "Na ikichafuka?"

"Ikichafuka nitaifua mwenyewe."

Akatikisa kichwa kukubali, lakini nilimjua. Kichwa kimekubali, shingo haijakubali. Akaenda kwenye bomba na mwenzake. Na mimi nikaenda kusimama nyuma ya utepe, katikati kabisa.

Mwalimu wa michezo akaja mbio. "Bibi, hapo hairuhusiwi kusimama."

"Mwanangu," nikamwambia, "miguu yangu imeshafika. Iambie wewe irudi."

Akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akatazama mawingu. Nami nikabaki.

Filimbi. Mara hii walikuwa bega kwa bega. Ile miguu ya ngazi inakula uwanja, na Kibanio anapiga hatua zake fupi fupi za haraka, mikono mbele vile vile. Kinyozi anaita mwanawe, mpishi anaita sijui nani. Wakafika karibu. Nikaona macho ya Kibanio yanaondoka kwangu yanakwenda kwenye utepe. Nikaona kidevu kinaanza kushuka.

Nikatoa ile sauti ambayo sijaitoa tangu siku ulipopanda juu ya paa la jirani. "Nitazame mimi!"

Akainua uso. Akaniona, akaona mikono yangu iko wazi, na hakupunguza mwendo. Amekuja na utepe kifuani, na utepe na yeye na mimi sote tukaenda chini kama kabati lililokatika mguu. Nilianguka chali, gauni la buluu limefika magotini, mbele ya shule nzima. Nilichokuwa naona ni mbingu na meno ya mjukuu wangu.

"Huyu!" mpishi akapiga kelele. "Huyu ndiye! Huyu nimemwona!"

Mwalimu wa michezo akainama kutafuta ncha za utepe. Utepe wake ulikuwa umetuzunguka sisi wawili kama kifurushi. Kinyozi ndiye aliyeninyanyua, na mkono wake mwingine amemshika mwanawe kichwani, anampapasa.

"Mama Dobi," akasema, "hongera. Na wewe umetoka wa tatu."

Nikamwambia alete fulana ya yule mtoto niifue na kuipiga pasi bila malipo. Aliileta jana. Nimeitia wanga mpaka inasimama yenyewe.

Tulirudi nyumbani Kibanio amebeba kiti changu na mimi nachechemea. Alipomwona mama yake mlangoni hakusema "nimeshinda." Alisema, "Mama, nimeichafua!" Na kweli aliichafua. Kisha, wakati sisi tunasimuliana jikoni, akaenda kuufua ule utepe mwenyewe, akautia kwenye beseni la mashuka ya wageni. Umechuja rangi, sina la kukuficha. Mashuka yote sasa yamegeuka mekundu mekundu, kama yanaona haya. Mkeo ameyachemsha jana na leo, na maneno anayoyasema akiyachemsha nimemkataza kuyaandika.

Mbio za shule zote ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, asubuhi. Atashinda? Atashinda. Nimeshaona watoto wa shule nyingine wakitoka masomoni. Wanatembea kama waliotumwa dukani na hawataki kwenda. Hofu yangu haiko kwao.

Juzi akioga aliniuliza, "Bibi, baba atasimama wapi?" Umesikia swali? Hakuuliza kama utakuja. Angeuliza hivyo ningejua la kujibu. Aliuliza mahali, na mimi nikamtajia mahali. Kwa hiyo kamwambie huyo bosi wako kwamba mama yako ameita, na kama haogopi mama yako, mpe anwani yetu nimwandikie na yeye.

Shangazi yako anakusalimu, bado anagombana na jino lake na hataki kuling'oa. Mjomba wako fundi saa anakusalimu, anasema saa yako iko tayari tangu mwaka jana na inaenda vizuri kuliko wewe. Kinyozi anakusalimu na anaulizia sikio. Wale jirani wa ghala la mbao wote wazima. Mkeo anasema salamu zake ataziandika kwenye karatasi nyingine nikishalala, na mimi sitaki kujua. Kibanio yeye amekataa kutuma salamu. Anasema atakupa mwenyewe.

Mungu akutunze macho na mikono, akuondolee hicho kikohozi, na akufungulie njia ya kurudi ikiwa nyeupe kama shuka lililokaushwa na jua la mchana.

Mimi mama yako, ninayekupenda zaidi kila ninapokugombeza.

Nyongeza: Ukishuka siku hiyo usije nyumbani kuweka begi wala kunywa chai. Nenda moja kwa moja uwanjani. Wakikuambia hairuhusiwi kusimama nyuma ya utepe, waambie umetumwa. Mgongo wangu umeshaanguka mara moja, kazi yake umeimaliza; zamu iliyobaki ni ya kifua chako. Tanua miguu, fungua mikono, mwite kwa sauti, na akikufikia usijaribu kusimama imara. Anguka naye.